Umewekewa stenti yenye dawa? Vidonge usiviache

Kila tunapokaribia Siku ya Moyo Duniani, Septemba 29, swali linaloongoza kliniki ni hili: "Nimeshazibuliwa mshipa, hivi vidonge nameza mpaka lini?" Anayeuliza tunamshukuru. Wanaotutia hofu ni wanaoacha kimyakimya.

Hivi karibuni alikuja mzee mmoja, miezi minne tangu awekewe stenti, yaani wavu mdogo wa chuma unaoushikilia mshipa wa moyo ubaki wazi. Akatoa dawa zake kwenye mfuko wa kitenge, akazipanga mezani. Aspirini zilibaki mbili. Klopidogreli, dawa ya pili ya kuzuia damu isigande, zilikuwa karibu zote. Fizi zilimtoka damu akipiga mswaki, na jirani akamwambia dawa ile "inayeyusha damu". Ndugu zangu, hakuna kinachoyeyushwa. Dawa hizo mbili huzuia chembe sahani, yaani chembe ndogo za damu zinazosaidia kuigandisha, zisishikane zikafanya bonge. Fizi zikitoka damu, njoo tukuangalie, usijiamulie.

Andreas Grüntzig alipopanua mshipa wa moyo kwa puto kule Zurich mwaka 1977, tatizo lilijitokeza mapema: kwa wagonjwa wengi mshipa ulisinyaa tena ndani ya miezi michache. Kuanzia 1986 ukawekwa wavu wa chuma kuushikilia ukuta. Lakini ukuta ulioumizwa hujitibu kwa kovu, na kovu hilo huota kupitia matundu ya wavu mpaka njia inakuwa nyembamba upya. Ndipo chuma kikapakwa dawa. Mojawapo ni sirolimasi, iliyotokana na bakteria wa udongo wa Kisiwa cha Pasaka, ambayo awali ilitumika kuzuia mwili usiikatae figo ya kupandikizwa. Stenti yake iliidhinishwa Ulaya mwaka 2002 na Marekani mwaka 2003. Dawa huvuja kidogokidogo kwa wiki kadhaa, kovu likakosa nguvu ya kuota kupita kiasi.

Sasa hapa ndipo watu wengi hawatuelewi. Dawa inayozuia kovu huchelewesha pia utando laini wa ndani ya mshipa kuufunika wavu. Chuma kikiwa bado wazi, damu inaweza kuganda juu yake. Kusinyaa huja taratibu, kifua kikianza kubana unapopanda ngazi. Bonge la damu huziba mshipa ghafla, na wengi hawafiki hospitali. Ndiyo maana ya vidonge.

Kwa kawaida aliyewekewa stenti kwa miadi humeza aspirini na klopidogreli kwa miezi 6. Aliyewekewa baada ya shambulio la moyo, miezi 12. Kisha hubaki na moja, mara nyingi aspirini, kwa muda mrefu. Wapo tunaowafupishia kwa sababu ya hatari ya kutoka damu, lakini uamuzi huo ni wa daktari wako wa moyo. Si wa duka la dawa, wala si wa kikundi cha WhatsApp.

Kadi ya stenti tembea nayo. Ina tarehe, mshipa uliowekewa, aina na ukubwa wa stenti. Ukienda kung'oa jino, mpe daktari wa meno kadi kabla hujakaa kwenye kiti. Mara nyingi jino hung'olewa bila kuacha dawa, na akiwa na shaka awasiliane na kliniki yako. Upasuaji usio wa dharura husogezwa mbele. Ukiambiwa upigwe MRI, picha ya mwili inayotumia sumaku, onyesha kadi hiyohiyo. Vidonge vikibaki vya siku 7, rudi kuchukua vingine, usingoje viishe. Kwa anayefunga Ramadhani, klopidogreli ni mara moja kwa siku: meza wakati wa futari.

Na chuma hicho hakishiki kutu wala hakihami. Swali hilo tumelijibu mara nyingi mno. Afadhali mtuulize kuhusu sigara, presha na lehemu (mafuta kwenye damu), na hasa sukari, kwani mwenye kisukari mshipa wake husinyaa tena kwa urahisi zaidi.

Mzee wetu alipimwa moyo siku ileile. Muuguzi akamletea maji, akameza dozi yake mbele yetu, kisha akaomba namba ya kliniki iandikwe nyuma ya kadi kwa herufi kubwa, aweze kuisoma bila miwani.