Meli tulivu mwezi Machi: wanayosema watu na ilivyo kweli

Miaka kadhaa iliyopita, katikati ya Machi, tuliwapandisha wazazi wa mume wangu meli ya kitalii pale Galveston, Texas. Safari ya siku tano, kwenda Cozumel na Progreso kule Mexico na kurudi. Tulitaka Mzee apumzike. Usiku wa kwanza watoto walikimbizana nje ya mlango wake hadi saa saba. Usiku wa pili vivyo hivyo. Asubuhi ya siku ya tatu akaniambia kwa upole, "Mwanangu, huku kuzuri, ila usingizi tumeuacha nyumbani." Niliumia, maana mimi ndiye niliyechagua safari ile, na niliichagua kwa kufuata maneno ya watu. Maneno hayo bado nayasikia kila mwaka kwa wenzetu huku Marekani, likizo ya machipuko (spring break) ya shule na vyuo inapokaribia.

"Likizo yenyewe ni wiki moja tu, ikwepe hiyo basi."

Kwa mwanafunzi mmoja ni wiki moja. Kwa nchi nzima ni karibu miezi miwili, kwa sababu kila jimbo, kila wilaya ya elimu na kila chuo kina kalenda yake. Vyuo vikuu vingi hufunga ndani ya Machi. Shule nyingi za Texas hufunga katikati ya Machi, na za Ontario, Canada, vilevile. Massachusetts hungoja Aprili, wiki yenye Jumatatu ya tatu ya mwezi. Shule nyingine hutazama Pasaka, nayo Pasaka haitulii: mwaka 2025 ilikuwa Aprili 20, mwaka 2027 itakuwa Machi 28.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni shule za karibu na bandari hiyo zinafungwa lini. Meli za Galveston huchukua watu wengi waliokuja kwa gari kutoka Houston, Dallas na San Antonio. Wiki ambayo Texas imefunga shule, hakuna kona ya meli ile itakayokuwa kimya. Kalenda za shule zipo wazi kwenye intaneti. Zisome kabla ya kulipa.

"Tatizo ni vijana wa vyuo na ulevi wao."

Hili ndilo lililonipoteza. Nilisema moyoni, meli hii ni ya familia, wahuni hawapo. Na kweli hawakuwapo. Kampuni kubwa zina masharti ya umri: Royal Caribbean, kwa safari zinazoanzia Amerika Kaskazini, kwa kawaida haimpi chumba aliye chini ya miaka 21 asipokuwa na mtu mzima wa miaka hiyo. Carnival inamtaka kijana wa namna hiyo asafiri na mtu wa miaka 25 au zaidi, labda awe na mwenzi wake wa ndoa. Na pombe kwenye meli zinazotoka bandari za Marekani ni kuanzia miaka 21.

Wanaojaza meli mwezi Machi ni baba, mama na watoto wao. Hesabu ya vyumba inaeleza vizuri. Kampuni za meli huhesabu uwezo wa meli kwa watu wawili kila chumba. Icon of the Seas, meli ya Royal Caribbean iliyoanza safari mwaka 2024, kwa hesabu hiyo ina nafasi 5,610. Lakini vyumba vingi vina kochi linalogeuka kitanda, na vitanda vinavyoshushwa kutoka darini, na shule zikifungwa vitanda hivyo vinapata watu. Meli hiyo hiyo inaweza kubeba watu 7,600. Karibu abiria 2,000 wameongezeka, na walioongezeka wengi ni watoto, ilhali lifti ni zile zile, mabwawa ni yale yale, na foleni ya chakula cha asubuhi inapita mlango ule ule. Siwalaumu watoto hata kidogo. Ni likizo yao na wana haki ya kuifurahia. Lakini mzee wa miaka sabini na kitu anahitaji kujua hili mapema.

"Chukua safari fupi, wazee watachoka."

Kwa utulivu, safari fupi ndiyo mbaya kuliko zote. Zile za usiku tatu au nne kwenda Bahamas ni za bei nafuu, zinaingia ndani ya wikendi ndefu, na watu hupanda wakiwa na haraka ya kumaliza raha zote kabla ya Jumatatu.

Chukua kalenda uhesabu. Likizo ya wiki moja, kuanzia Jumamosi hadi Jumapili ya wiki inayofuata, ni siku tisa. Safari yoyote ya usiku kumi na kwenda juu haiingii humo. Mtoto wa shule hawezi kuipanda bila kukosa masomo, na mwalimu wake pia hawezi. Hapo ndipo utulivu ulipo, hata katikati ya Machi: safari za kupita Mfereji wa Panama, au za kutoka Los Angeles na San Diego kwenda Hawaii na kurudi, ambazo huchukua wiki mbili hivi, nyingi ya siku hizo ukiwa bahari kuu.

Halafu zipo safari za kuhama. Watu wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa sana jambo hili: majahazi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi. Meli za kitalii nazo zina misimu yake. Mwishoni mwa Machi na katika Aprili nyingi huondoka Karibiani kwenda Ulaya kwa ajili ya kiangazi, na badala ya kuvuka tupu huuza vyumba. Mara nyingi bei ya kila usiku huwa ndogo kuliko ya wiki ya Karibiani. Gharama imejificha kwenye tiketi ya ndege ya kurudi.

"Meli isiyopokea watoto haina kelele."

Inategemea. Virgin Voyages na meli za bahari za Viking zote hazipokei aliye chini ya miaka 18, lakini hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ina muziki na dansi hadi usiku mkubwa. Ya pili hubeba abiria wasiofika elfu moja, haina kamari, na jioni kuna mihadhara na muziki wa taratibu. Na ukiwa kwenye meli ya kawaida, kuna sehemu za watu wazima tu: Serenity kwenye meli za Carnival, kuanzia miaka 21, bila malipo, Solarium za Royal Caribbean, kuanzia 16.

"Chumba ni chumba."

Hapana. Tafuta sitaha yenye vyumba juu yake na vyumba chini yake. Chumba kilicho chini ya bwawa kitakuamsha kwa viti vinavyoburutwa alfajiri. Kataa pia chumba chenye mlango wa ndani wa kuungana na cha jirani. Sauti hupita hapo kama hakuna ukuta.

"Mwenye green card haulizwi kitu."

Green card ni kibali cha kuishi Marekani daima. Kurudi nayo Marekani, sawa. Lakini meli ikiishia Hispania, mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, green card haimsaidii. Na mzazi aliyekuja kutembea tu, hakikisha viza yake ya Marekani inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, na uangalie masharti ya kila bandari njiani.

Viza ya Mzee tuliianza mapema mno, na ikatoka. Aprili moja tukang'oa nanga Fort Lauderdale kuelekea Barcelona, usiku kumi na nne. Kila baada ya sala ya alfajiri alikaa sitahani na kahawa yake akitazama maji. Watoto niliowaona safari nzima walikuwa wawili, wote bado wa kubebwa mgongoni.