Nani alaumiwe kwa vifo vya Salem? Dhana potofu kuhusu wahusika wa The Crucible

Muulize yeyote aliyesoma The Crucible, tamthilia ya Arthur Miller kuhusu kesi za uchawi za mwaka 1692 katika mji wa Salem, Marekani, iliyopanda jukwaani New York kwa mara ya kwanza mwaka 1953, mkosaji ni nani. Atakujibu kabla hujamaliza swali: Abigail. Msichana wa miaka 17 aliyelala na mume wa mtu, mkulima John Proctor, mke, Elizabeth, akamfukuza kazi, naye akalipiza kisasi kwa kuwasingizia watu uchawi. Jibu hilo ni jepesi kushika, na ndiyo sababu limeenea. Ila ukiifungua tamthilia yenyewe, mambo hayakwenda hivyo.

"Abigail ndiye aliyetaja majina ya kwanza"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapopita mbio.

Sehemu ya kwanza. Betty, binti wa Mchungaji Parris, amelala kitandani, haamki. Usiku uliopita alikuwa msituni na Abigail na wasichana wengine wakicheza ngoma, jambo la aibu kubwa katika mji wa Wapuritani, Wakristo wa maadili makali, tena kwa nyumba ya mchungaji. Ameitwa Mchungaji Hale, mtaalamu wa mambo ya uchawi, naye amekuja na vitabu vyake vizito. Abigail amebanwa maswali, na anafanya kama afanyavyo mtu aliyebanwa: anamsukumia Tituba, mtumwa kutoka Barbados, mtu pekee katika nyumba ile asiye na wa kumtetea. Kosa hilo ni lake, wala halifutiki.

Sasa sikiliza yanayofuata. Parris anatishia kumchapa Tituba mpaka afe. Putnam, tajiri wa mashamba, anataka anyongwe. Tituba anakiri, kwa kuwa mlango ulioachwa wazi ni huo tu. Hale anamuuliza kwa upole: Shetani akija, huwa anaandamana na mtu wa hapa mjini? Kabla Tituba hajafungua kinywa, Putnam anadakia: ni Sarah Good? Au Osburn? Tituba anajitetea kuwa kulikuwa giza totoro. Wanambana tena. Mwishowe anatoa majina mawili, na majina yenyewe ni yaleyale, Good na Osburn. Mke wa Putnam anapaza sauti kwamba alijua siku nyingi: Osburn alikuwa mkunga wake mara tatu, na watoto wakinyauka mikononi mwake.

Baada ya hapo ndipo Abigail anaposimama. Naye anaanza na Good na Osburn, kisha anaongeza la kwake: Bridget Bishop.

Kwa hiyo majina ya kwanza yalitoka kinywani mwa mwanamume mtu mzima, mwenye mali, akiwa na akili zake timamu. Mtumwa aliyarudia ili aokoke. Msichana aliona aliyekiri na kutaja wenziwe anabembelezwa badala ya kuchapwa, akajifunza. Abigail ni mwanafunzi hodari, lakini darasa halikuwa lake.

Simtetei. Baadaye anajidunga sindano tumboni ili mwanasesere aliyeshonwa na Mary Warren, mtumishi wa akina Proctor, awe ushahidi dhidi ya Elizabeth Proctor. Huo si woga tena, ni mpango wa kuua. Lakini yule wa sehemu ya kwanza, yatima aliyeshuhudia wazazi wake wakiuawa na anayekula kwa hisani ya mjomba wake, Parris, siye yule wa sindano. Anayewachanganya anakosa jinsi mtunzi alivyomjenga mhusika hatua kwa hatua.

"Bila yale mapenzi, Salem ingekuwa salama"

Katika historia Abigail Williams alikuwa na miaka 11 au 12, na John Proctor alikaribia 60. Hakuna ushahidi wowote kwamba waliwahi kuwa na uhusiano. Miller alimwongezea msichana umri, akampunguzia bwana, akayabuni mapenzi, kwa sababu jukwaa linahitaji mtu mwenye siri. Mapenzi yanamtoa Proctor shambani kwake na kumfikisha mahakamani. Hayaelezi kwa nini mji mzima ulikuwa tayari kusadiki.

Kwa hilo, mtazame Walcott, mkazi mmoja wa mji ule. Alinunua nguruwe kwa Martha Corey, nguruwe akafa. Akaenda kudai pesa zake, Martha akamwambia kwamba kama hana akili ya kumlisha nguruwe vizuri, hatafuga wengi. Miaka inapita, nguruwe wake bado wanakufa, na siku uchawi unapopata mahakama, Walcott anakwenda kushtaki: Martha anamrogea mifugo kwa vitabu vyake. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Nampenda sana nguruwe huyu kuliko vituko vyote vya msituni, maana anaonyesha kinyongo kidogo, cha kawaida kabisa, kikipewa mhuri wa serikali.

Putnam naye ana chake. Giles Corey, mume wa Martha, anamshtaki waziwazi kwamba amemchochea binti yake amtaje George Jacobs ili shamba liuzwe, naye peke yake ndiye mwenye fedha za kulinunua.

"Proctor hana doa ila lile la zinaa"

Sehemu ya pili inafunguka Proctor akirudi kutoka shambani. Mkewe yuko juu, anawalaza watoto. Proctor anaonja kilichomo chunguni, hakimridhishi, anatia chumvi. Wakishakaa mezani anamsifu mkewe kwa chakula kilichokolea. Tendo dogo, lakini tabia yote ya mtu huyu imo mle: anarekebisha kimyakimya, halafu anazungumza kana kwamba hakukuwa na kasoro.

Ndivyo alivyofanya na jambo lililo kubwa zaidi. Abigail mwenyewe alimwambia kwamba kisa cha Betty hakina uchawi. Watu 14 wako jela na yeye bado anasitasita, kwa sababu waliyazungumza wawili tu, na kulisema hilo kutamlazimu kueleza walikuwa pamoja kwa nini. Analinda jina lake wakati wengine wanapoteza uhai. Mwishoni, naye akiwa amehukumiwa kunyongwa, anapochana karatasi ya kukiri na kulilia jina hilohilo, uzito unatoka hapo.

Na wanaomlaumu Elizabeth kwamba ubaridi wake ndio uliomtoa mume nje? Kweli anajilaumu hivyo gerezani, akiagana na mtu anayekwenda kunyongwa. Hayo ni maneno ya mke siku ya kuagana. Mtunzi hakuyaandika yawe hukumu.

"Jaji Danforth alidanganywa na watoto tu"

Labda mwanzoni. Katika sehemu ya nne Abigail ametoroka na pauni 31 za mjomba wake, na Parris anaomba hukumu iahirishwe (si kwa huruma, ameangushiwa kisu mlangoni). Danforth anakataa, na sababu anaitoa mwenyewe: hawezi kuwasamehe hawa ilhali 12 wameshanyongwa kwa kosa hilohilo. Yaani waliokufa wamegeuka kuwa hoja ya kuua wengine. Kwangu mimi mhusika wa kutisha kuliko wote ni huyu, kwa sababu hasukumwi na chuki. Analinda saini yake.

Hale hukimbiwa na lawama kwa kuwa alijuta. Ni kweli alijuta, baada ya kutia saini hati 72 za kifo.

Mawili ya haraka

Salem hakuchomwa moto mtu. Walinyongwa 19, na Giles Corey alikandamizwa kwa mawe hadi akafa.

Wanaosema tamthilia hii ni fumbo la msako wa wakomunisti Marekani wako sahihi. Mwaka 1956 Miller mwenyewe aliitwa mbele ya kamati ya Bunge, akakataa kutaja wenzake, kama alivyokataa Proctor aliyemwandika miaka mitatu kabla.

"Watoto walioshtaki walikuwa wanajua wanachofanya"

Binti wa Putnam, ambaye Miller amempa jina Ruth, kwa kweli aliitwa Ann, na mwaka 1692 alikuwa na miaka 12. Mwaka 1706 toba yake ilisomwa kanisani mbele ya watu wote. Alisema hakufanya kwa hasira wala chuki, alidanganywa na Shetani. Baba yake, ambaye jina lake liko kwenye mashtaka mengi ya mwaka ule, alikuwa amekufa tangu 1699.