Je, wajua kwa nini msambu mwingine hauzai kamwe?

Katika misitu ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, upo mti ambao tunda lake ni miongoni mwa matunda makubwa kabisa ya misitu ya mvua ya Afrika. Wenyeji huuita msambu, wengine mkanyi. Wanabotania huuita Allanblackia stuhlmannii. Waokotaji wa mbegu zake wanalijua fumbo hili vizuri: misambu miwili imesimama kwenye mteremko mmoja, imelingana unene, yote huchanua, lakini mmoja huangusha matunda ya kilo kadhaa kila moja na mwingine hauna hata moja. Mtu wa haraka husema mti huo ni tasa, akaufikiria kwa mbao. Si tasa. Ni mti dume.

Msambu ni kama mpapai: ua la kiume hukaa kwenye mti wake na ua la kike kwenye mti mwingine. Ukiangalia majani hutatofautisha, kwani yote ni mazito, magumu kidogo kama ngozi, na hukaa mawili mawili yakielekeana kwenye kitawi. Gome nalo halisemi kitu. Kinachosema ni ua peke yake, na kwa kuwa mti mkubwa hufika mita 35 au zaidi na shina lake hupanda juu bila matawi, ua lenyewe hutafutwa chini. Okota maua yaliyoanguka, uchague yaliyo mazima. Ua lina petali tano nene. Ukitoa petali ukakuta stameni (nyuzi za kiume) nyingi zilizoshikana katika mafungu matano yenye chavua, yaani unga wa kiume wa ua, hilo ni la kiume. La kike lina ovari (kifuko cha mbegu) iliyotuna katikati, na stigma, sehemu inayopokea chavua, imekaa juu yake moja kwa moja bila shingo. Stameni zake, kama zipo, ni vibaki tu visivyofanya kazi. Usitoe hukumu kwa ua moja, maana chini ya msambu jike huweza kuangukia maua yaliyopeperushwa kutoka kwa jirani. Angalia maua kadhaa, tena karibu na shina.

Madume yakikatwa, majike hubaki yakichanua bure. Ndiyo maana mti jike ulioachwa peke yake katikati ya shamba, msitu ukiwa umefyekwa pande zote, unaweza kuzaa kidogo sana ingawa una afya njema. Hapo mbolea haisaidii kitu; kinachokosekana ni chavua.

Nyumbani kwa mti huu ni Tanzania pekee, kwenye safu ya Milima ya Tao la Mashariki: Usambara, Uluguru, Udzungwa na milima mingine ya safu hiyo. Hupatikana hasa kati ya mita 500 na 1,600 juu ya usawa wa bahari. Milima hii hupokea mawingu kutoka Bahari ya Hindi, nayo mvua hufika milimita 1,200 hadi 2,400 kwa mwaka. Udongo ni mwekundu, wenye kina na tindikali. Mche wake mchanga hukulia kivulini, chini ya miti mikubwa, na ukiupanda juani bila kinga majani huungua na ukuaji hudumaa. Kwa hiyo misambu mingi iliyo nje ya hifadhi haikupandwa: iliachwa na wakulima walipofungua mashamba ya iliki chini ya kivuli cha msitu. Wanaotaka kuuona katika mazingira yake halisi watauona Amani, wilayani Muheza, kwenye hifadhi ya mazingira asilia iliyotangazwa mwaka 1997.

Tunda lenyewe ni la kahawia, refu, lina migongo kwa urefu wake, na huweza kufika sentimita 34. Halichumwi, huachwa lianguke, kwa sababu kuanguka ndiyo dalili ya kuiva. Ndani yake, katika utando unaoteleza, mna mbegu 40 hadi 100, kila moja ikikaribia sentimita 4. Kuzitoa kwenye tunda bichi ni kazi ya kuchosha. Njia ya wenyeji ni nzuri zaidi: matunda hukusanywa mahali pamoja, yakafunikwa kwa majani mpaka nyama yake ilainike, kisha mbegu hukamuliwa kwa mikono na kusafishwa. Kinachoharibu kazi ni kuchelewa kuokota. Panya buku hulitoboa tunda usiku na kubeba mbegu, nyingine akizila na nyingine akizifukia. Zile anazosahau ndizo huota, kwa hiyo anayezikusanya zote mpaka ya mwisho anaunyima msitu miche.

Kuanzia hapa mbegu za mafuta na mbegu za kuoteshea hazitendewi sawa. Za mafuta hukaushwa vizuri, la sivyo huota ukungu zikiwa gunia­ni. Mafuta yake ni ya ajabu: karibu yote ni asidi mbili tu, ya steariki na ya oleiki, na kwa sababu hiyo huganda yenyewe kwenye joto la kawaida la chumba na kuyeyuka yanapokaribia joto la mwili. Watengenezaji wa siagi ya mimea huyapenda kwa tabia hiyo, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliyaruhusu kutumika katika vyakula vya kupaka kwenye mkate. Usambara yalikuwa yakipikiwa muda mrefu kabla ya hapo.

Mbegu ya kuoteshea isianikwe juani kabisa, ikikauka inakufa. Hata ikitunzwa, ni mvivu kuota: miezi 6 hadi 18 ni jambo la kawaida, na nyingi haziamki. Kizuizi kimojawapo ni ganda. Kulimenya taratibu bila kujeruhi kiini, kisha kuziweka mbegu mahali penye unyevu na giza, kwa mfano ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, hupunguza muda huo sana. Anayefukua kila wiki kuangalia huvunja mzizi mchanga. Asubiri.

Tatizo lingine ni kwamba mche wa mbegu hausemi jinsia yake mpaka uchanue, na hiyo ni miaka kumi hivi au zaidi. Takriban nusu yake itakuwa madume. Mkulima anayetaka matunda afadhali abebeshe: achukue kikonyo, yaani kipande cha kitawi, kutoka kwa mti jike uliokwisha kuzaa, akiunganishe kwenye mche wenye unene unaolingana nacho, afunge kwa nailoni isiyopitisha maji na auweke kivulini. Kikonyo kikavu au kisu kichafu ndicho husababisha maungio kuoza. Kikonyo cha tawi la pembeni nacho huelekea kukua kwa kulala badala ya kusimama, hivyo mti huegemezwa kwenye kijiti mapema, kabla shina halijakomaa.

Na bustani ya miti iliyobebeshwa kutoka kwa majike tu itarudia fumbo lile lile kwa upande wa pili: maua tele, matunda hakuna. Bebesha pia miche michache kwa vikonyo vya dume, uitawanye katikati ya majike badala ya kuikusanya kwenye kona moja, na kila mmoja uwekewe alama tangu kitaluni, kwa sababu ukishapandwa hakuna atakayeutambua kwa macho mpaka utakapochanua.