Je, wajua kwa nini mafuta yakipanda bei hata usalama wa nchi unayumba?

Ukitaja usalama wa taifa wengi wanawaza vifaru na majasusi, mafuta kupanda wanaona ni shida ya madereva tu. Sio hivyo kabisa. Chakula kinasafirishwa kwa dizeli, mbolea ya urea inatengenezwa kwa gesi asilia, maji yanasukumwa kwa umeme, sasa nishati ikipanda na hivyo vyote vinapanda ila mshahara unabaki palepale.

Chukua Kazakhstan, nchi ya Asia ya Kati, maana mimi naona ndo mfano unaotisha zaidi. Mwanzoni mwa Januari 2022 bei ya gesi ya LPG (kama ile ya mitungi ya kupikia), ambayo kule watu wengi wanaendeshea magari, iliachiwa na serikali ijipangie sokoni, ikaruka kutoka kama tenge 60 (hela ya kule) kwa lita mpaka 120. Wa kwanza kuingia barabarani tarehe 2 walikuwa watu wa Zhanaozen, mji wa wachimba mafuta, yaani utajiri unatoka chini ya miguu yao halafu bei ya gesi inawashinda. Tarehe 4 serikali ikashusha mpaka tenge 50 kwa mkoa wenye mji ule, chini hata ya bei ya zamani, lakini wapi, watu walishatoka na hasira za miaka mingi za ugumu wa maisha na wachache kujilimbikizia mali. Tarehe 5 jengo la utawala wa jiji la Almaty linawaka moto, uwanja wa ndege umevamiwa, baraza la mawaziri limejiuzulu na Rais Tokayev anaomba askari kutoka nje, wakaja wakiongozwa na Urusi. Walikufa watu zaidi ya 200.

Sri Lanka mwaka huohuo dola ziliisha, wakashindwa kulipia meli za mafuta, wanajeshi wakapelekwa kulinda vituo vya mafuta, na ilipofika Julai wananchi wakaingia mpaka ikulu, rais akakimbia nchi.

Halafu kuna jeshi lenyewe. Tuseme bajeti yake ilipigwa hesabu pipa la mafuta likiwa dola 70 wakapanga kununua mapipa 3,000, likifika dola 105 hela ileile inapata 2,000 tu. Yale 1,000 yaliyokosekana ndo doria za baharini na saa za marubani kufanya mazoezi, na hilo pengo wananchi hawalioni ila adui analiona.

Na muuzaji wa mafuta naye anapata fimbo ya kuwachapia wanunuzi. 1973 nchi za Kiarabu ziligoma kuiuzia Marekani mafuta kwa sababu ya kuisaidia Israeli vitani, pipa likatoka kama dola 3 mpaka karibu 12 ndani ya miezi michache. Urusi nayo 2022 iliibana Ulaya kwa gesi, na kwa vile bei zilikuwa juu mno mapato yake ya mafuta na gesi mwaka ule yaliongezeka, katikati ya vita vyake na Ukraine!

Ndo maana 1974 likaundwa shirika la IEA, yaani Shirika la Kimataifa la Nishati, na wanachama wake wanaoagiza mafuta nje wanatakiwa wawe na akiba inayolingana na mafuta wanayoagiza kwa siku 90. Marekani yake imeifukia kwenye mapango ya chumvi huko Texas na Louisiana. Nchi nyingi maskini hazina akiba ya hivyo, meli mbili tatu zikichelewa foleni zinaanza, na askari wa kwenda kuzilinda wanatumia mafuta hayohayo.