Virejeshi vya Kiingereza: Kwa Nini Sentensi Inayoeleweka Hukatwa Alama

Muhula huu dawati letu la lugha hapa Mombasa limepokea malalamiko mengi kuliko kawaida. Wanafunzi, na mara nyingine wazazi wao, wanauliza mbona sentensi inayoeleweka imekatwa alama. Nimezisoma moja moja. Nyingi zina ugonjwa mmoja: kirejeshi cha Kiswahili, yaani kile kiungo kinachorejelea jina lililotajwa, kama -yo- katika "niliyoiandika", kimevuka kwenda Kiingereza pamoja na mizigo yake yote.

Sisi husema "barua niliyoiandika", na ile -i- ya mtendwa haimsumbui mtu. Kiingereza hakiikubali. Ukiandika "the letter which I wrote it", barua umeitaja mara mbili, maana "which" imeshakalia nafasi ya "it". Vivyo hivyo "the house where we live there": "where" imeshabeba mahali, "there" haina kazi. Anayekosea hapa si mzembe, anafuata sarufi ya lugha yake. Alama hukatwa vilevile.

Kisha kuna -po. Kwetu hutumika kwa mahali na kwa wakati: ninapoishi, nilipofika. Kiingereza kimegawa: "where" ni ya mahali, "when" ya wakati ("1963 is the year when Kenya became independent"), na sababu ina "why" yake. Ila naomba tuiache ile dhana kwamba kila jina la mahali lazima lifuatwe na "where". Tumelieleza hili darasani mara nyingi mno. Kinachoamua ni kitenzi kinachofuata. "Kongowea is the market where I buy fish": kinachonunuliwa ni samaki, soko ni mahali tu. "Kongowea is the market which I like best": kinachopendwa ni soko lenyewe. Ukiwa na shaka, weka "in which" au "at which" badala ya "where". Sentensi ikisimama, uko sawa.

Na "whom" si "who" ya heshima. "The man whom came" ni kosa, kwa kuwa mtu huyo ndiye aliyekuja. "Whom" ni ya mtendwa.

Koma nayo hubadilisha maana. "My brother who works at the port is ill" hudokeza kwamba una ndugu wengine na unamtaja huyu wa bandarini. "My brother, who works at the port, is ill" humwonyesha ndugu mmoja tu. Katika hati ya kiapo, hilo si jambo dogo. Baada ya koma kama hiyo "that" haitumiki: "Fort Jesus, which the Portuguese began building in 1593".

Anayetaka karatasi yake ipitiwe upya ajaze fomu ya maombi ndani ya siku 14 tangu arudishiwe, aambatanishe karatasi yenyewe yenye wino wa msahihishaji, si picha ya simu, na ataje kila sentensi anayoipinga. Ombi la "naomba mniongezee" halipokelewi. Kosa lilelile likirudiwa hukatwa mara moja tu. Aliyegusa sentensi baada ya kusahihishwa hupoteza nafasi ya rufaa, na karatasi hupelekwa kwa mkuu wa idara. Alama inaweza kupanda, kubaki au kushuka, na mwombaji hutia sahihi kulikubali hilo kabla fomu haijapokelewa.