Dansi Lilingoja Mbalamwezi: Kumbi za Mwambao wa Kigoma

Muulize mtu dansi la Tanzania lilichezwa wapi, atakutajia Dar es Salaam, Morogoro na Tabora. Hajakosea, ila amesahau ziwani. Kutoka Kagunga kaskazini hadi Kalya kusini, vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika vilikuwa na kumbi zao, na kumbi hizo zilifuata ratiba ambayo mtu wa mjini angeishangaa. Mjini walingoja Jumamosi. Mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, walingoja mbalamwezi.

Sababu ni dagaa. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa: mwanga hukusanya vijidudu vya majini, dagaa huvifuata, wavu huinuliwa. Mwezi ukiwa mpevu taa hupoteza nguvu yake, dagaa hutawanyika, na anayeingia ziwani anaunguza mafuta bure. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku kadhaa, karibu wiki, ambazo mitumbwi hulala nchi kavu, nyavu hushonwa, hesabu hufungwa na kila mtu hupewa chake. Vijana wana fedha mfukoni na usiku mzima hawana kazi. Hakuna mfanyabiashara wa starehe atakayeacha nafasi hiyo ipite. Hata taa za ukumbini zilitoka kazini: karabai, ambazo zilienea ziwani miaka ya 1950 na kuchukua nafasi ya moto wa kuni, zilitundikwa kwenye boriti wakati mitumbwi imepumzika.

Usitarajie jengo la fahari. Ukumbi wa kijiji mara nyingi ulianza kama ua: miti imechomekwa, majani ya michikichi yamefumwa kuzunguka, mlango mmoja mwembamba. Ua ndio uliokuwa biashara yenyewe, maana bila ua hakuna kiingilio, na bila kiingilio bendi hailipwi. Watoto walichungulia kwenye matundu, na mlinzi mwenye fimbo alikuwa na kazi kuliko mpiga tumba. Mwenye ukumbi akipata fedha, kitu cha kwanza kujenga hakikuwa ukuta wala paa. Kilikuwa sakafu ya saruji. Rumba huchezwa kwa kuburuza mguu, na kwenye mchanga mguu hauburuziki. Ukikuta leo kipande cha saruji laini peke yake karibu na mwalo, uliza wazee kabla hujakivunja.

Dansi lenyewe halikuangukia mahali patupu. Ngoma ya beni, iliyoiga bendi za kijeshi na kuanza pwani ya Kenya miaka ya 1890, ilisambaa bara pamoja na askari na wapagazi, hasa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Vyama vyake vikubwa, Marini na Arinoti, vilikuwa na sare, vyeo na ushindani mkali. Miji ya bara iliizoea habari ya kukata mshono mmoja na kulipa ada ya chama muda mrefu kabla gitaa halijafika.

Njia nazo zilikuwa tayari. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Meli ya Wajerumani iliyozamishwa na wenyewe mwaka 1916 iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Vijiji vingi vya mwambao havikuwa na gati, kwa hiyo meli ilisimama majini na mitumbwi ikaifuata. Bendi iliyotaka kupiga huko ilishusha vyombo vyake hivyohivyo, gitaa na ngoma mikononi mwa watu, usiku, mawimbi yakigonga ubavu wa meli. Ng'ambo ni Kongo, na rumba ya huko ilivuka kwa redio, kwa santuri na kwa wafanyabiashara wenyewe. Ndiyo maana masikio ya Kigoma yalikuwa magumu kuridhika. Marehemu Shem Karenga, mzaliwa wa huku, alipitia bendi ya Lake Tanganyika Jazz kabla ya kuvuma na Tabora Jazz, wana Segere Matata kwa jina la mtindo wao.

Kumbi zilififia bila kishindo. Miaka ya 1980 dizeli ilikuwa adimu na nyuzi za gitaa zilitafutwa kama dawa. Baadaye likaja banda la video, lililohitaji jenereta moja na mtu mmoja, wakati bendi ilikuwa na midomo kumi ya kulisha. Kisha disko vumbi, yaani disko la uwanjani, ambalo kwa maoni yangu ni ule ua wa michikichi umerudi ukiwa na spika kubwa. Maji ya ziwa yaliyopanda tangu mwaka 2020 yamemeza majengo mengi ya ufukweni katika mwambao huu.

Wengi hutuuliza kwa nini Serikali hailindi kumbi hizi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Jengo la juzi halilindwi mpaka waziri mwenye dhamana alitangaze rasmi, na hakuna atakayelitangaza kama hakuna anayejua lilikuwa nini.

Kwa hiyo anzeni na vilivyomo majumbani. Picha ya bendi iandikwe nyuma kwa penseli, taratibu, majina ya waliosimama kuanzia kushoto, kijiji na mwaka hata wa kukadiria. Kalamu ya wino hupenya na kuchafua uso wa picha. Msiipeleke kuwekewa plastiki ya moto. Kaseti zisikae juu ya spika, kwa kuwa sumaku hufuta sauti. Mzee akisimulia, rekodini kwa simu, na mwanzoni mwa rekodi ajitaje yeye na mahali alipo. Vitu hivyo vipelekeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Avipige picha, aandike maelezo yake, kisha awarudishie siku hiyohiyo.