Ufagio wa Chelewa Ndio Unaoua Mlimao Wako

Wiki iliyopita niliitwa nyumba tatu: Goba, Tegeta na Kigamboni. Zote tatu nilikuta hali ileile. Mlimao umekunja majani, mchicha umedumaa, na chini ya miti kuna mchanga mweupe uliofagiwa mpaka mistari ya chelewa inaonekana. Na kote niliulizwa swali moja: "Bibi shamba, hii miti tuipigie dawa gani?"

Haitaki dawa. Inataka majani yake, yale mliyoyachoma asubuhi. Tatizo ni dhana tulizozizoea kuhusu uwanja na bustani, na hapa nazijibu moja moja.

"Uwanja safi hauna jani hata moja"

Dhana hii imenichosha kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo. Najua inakotoka, maana hata mimi nimelelewa hivyo. Unaamka kabla jua halijachomoza, unanyunyiza maji kuzuia vumbi, unafagia mbele, unafagia uani, unakusanya lundo nyuma ya choo, unawasha kiberiti. Uwanja usiofagiwa ni aibu ya mama mwenye nyumba. Sawa. Mlangoni na njiani fagia, sina neno. Neno langu linaanza pale ufagio unapoingia chini ya mwembe.

Fikiria kinachotokea kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma. Joto la mchana Dar es Salaam hufika nyuzi 32 au 33, lakini hilo ni joto la hewa, limepimwa kivulini. Mchanga mtupu unaopigwa na jua la saa saba hupita nyuzi 50, ndiyo maana wewe mwenyewe huwezi kuukanyaga peku. Mlimao hauna ndara. Mizizi yake myembamba, ile inayonyonya maji na chakula, mingi imelala juujuu, kwenye sentimita 30 za kwanza. Unapoondoa majani makavu unaivua shuka mchana wa jua kali.

Halafu hesabu maji. Katika miezi hii udongo na mimea kwa pamoja hupoteza kama lita 5 kwa siku kwa kila mita ya mraba. Bustani ndogo ya mita 3 kwa 4 inakuwa imeaga lita 60, yaani madumu matatu, kila siku ya Mungu. Sehemu inayopitia kwenye majani ya mmea haina tatizo, hiyo ni kazi yake ya kukua na kujipoza. Sehemu inayopaa kutoka kwenye udongo mtupu ni hasara tupu. Na wengi wenu maji mnanunua kwa boza!

Hapo sijasema habari ya udongo wenyewe. Kila ufagio ukipita unaondoka na vumbi la juu, ambalo ndilo lenye rutuba. Nenda kwenye nyumba iliyofagiwa miaka ishirini utazame: mizizi ya mwembe imetokeza kama mishipa ya mkono wa mzee, na msingi wa nyumba, uliokuwa chini ya ardhi, unaonekana. Watu husema mvua ndiyo imechimba. Mvua imechimba, ndiyo, kwa sababu ufagio uliiachia njia. Tone la masika likianguka juu ya jani linatulia na kuzama polepole. Likianguka kwenye udongo mtupu linaupasua, tope laini linaziba vitundu vya ardhi, na maji yote yanakimbilia barabarani. Wiki moja baadaye unamwagilia tena kwa mpira.

Na lile lundo unalolichoma? Karibu naitrojeni yote iliyokuwamo, kile kirutubisho kinachokuza majani, inapaa na moshi. Kinachobaki ni jivu, lenye potasiamu na chokaa. Sehemu nyingi za pwani yetu, hasa zilizokaa juu ya mwamba wa matumbawe, tayari zina chokaa ya kutosha. Ukiendelea kurundika jivu palepale, mmea unashindwa kuvuta madini ya chuma hata kama yamo ardhini: majani machanga yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Hapo ndipo mtu anakuja kitaluni kwangu kununua mbolea ya maji ya chupa. Amechoma mbolea ya bure asubuhi, jioni ananunua nyingine.

Kwa hiyo acha majani. Kitaalamu tunayaita matandazo, na hayana ugumu. Kwanza mwagilia udongo ulowe barabara, maana ukitandaza juu ya ardhi kavu unafunika ukavu. Kisha tandaza tabaka la sentimita 5 hadi 10 kuzunguka mti, kuanzia kiganja kimoja kutoka kwenye shina mpaka pale kivuli cha matawi kinapoishia. Usilisukumie shina lenyewe; gome likikaa na unyevu muda wote linaoza. Majani ya mwembe yanafaa, ya mkungu yanafaa, nyasi zilizofyekwa kabla hazijatoa mbegu zinafaa, pumba za mpunga zinafaa. Lakini mimi nikipewa nafasi ya kuchagua nachukua makumbi ya nazi. Yanakunywa maji kama sifongo na hayapeperushwi na upepo. Pwani nzima makumbi yanatupwa kando ya masoko, na watu wanapita nayo wakienda kununua "udongo mweusi" wa mifuko. Nimewaambia wateja wangu mpaka sauti imekauka.

Sasa naujua utetezi wenu: nyoka. Nyoka anafuata panya, vyura na pa kujificha. Anakaa kwenye lile rundo la matofali yaliyobaki ujenzi, chini ya mabati ya zamani, kwenye mbao ulizoegemeza ukutani tangu mwaka juzi. Tabaka la majani lisilozidi kiganja si pango. Ukiwa na hofu, acha mita moja na nusu wazi kuzunguka nyumba, fagia hapo utakavyo, kisha ondoa hayo mabati. Mchwa pia nimesikia. Ni kweli mchwa hula majani makavu, na hiyo ndiyo chakula chao halali. Wasipokuta kitu kilichokufa cha kula ndipo wanapougeukia mche wako ulio hai na wenye kiu. Matandazo yasiguse ukuta wala shina, basi.

"Maji ya mchana yanaunguza majani"

Eti tone linakuwa kama lenzi. Mwaka 2010 watafiti wa Hungaria walilipima jambo hili: kwenye majani laini, tone halikuunguza kitu. Majani yenye vinyweleo vinavyolibeba tone juu ndiyo yaliyoonekana kuweza kuungua. Usimwagilie mchana kwa sababu nyingine, kwamba maji mengi yanapaa kabla hayajazama. Mwagilia alfajiri. Lakini mche ukiwa unakufa saa nane, upe maji saa nane!

Kinachounguza kingo za majani yenu mara nyingi ni chumvi. Visima vingi karibu na bahari vimeingiliwa na maji chumvi. Ukiyanyunyizia maji hayo juu ya majani, maji yanapaa, chumvi inabaki. Onja maji ya kisima chako, na tazama kama vyungu vya maua vina ukoko mweupe ubavuni. Kama upo, mwaga chini kwenye udongo, usirushe juu ya majani.

"Namwagilia kila jioni, kidogo kidogo"

Ukishika mpira dakika tano huku unazungumza na simu umelowesha sentimita mbili za juu. Chimba kwa kidole baada ya hapo, utakuta vumbi. Mizizi inafuata maji yalipo, ikikuta yapo juu tu inapanda juu, kwenye ule mchanga wa nyuzi 50. Ndoo ya lita 20 kwa mita moja ya mraba, kwenye kichanga chetu, inashuka kama sentimita 20. Mpe mti maji hayo mara mbili au tatu kwa wiki badala ya kuulambisha kila siku. Mchicha, figili na miche michanga ndiyo ya kila siku, kwa kuwa mizizi yake ni mifupi. Wenye visima vya chumvi mna sababu ya pili: maji mengi kwa mara moja huisukuma chumvi chini, kidogo kidogo huirundika juu.

"Mmea ukilegea mchana una kiu"

Si lazima. Maboga na mapapai hulegeza majani saa nane kwa sababu yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoyavuta, na jioni yanasimama yenyewe. Utazame saa kumi na mbili asubuhi. Ukiwa bado umelegea, weka kidole ardhini: pakiwa pakavu, mwagilia; pakiwa pamelowa, huenda mizizi inaoza na maji yako yanaumalizia.

"Nimepanda mchaichai, mbu hawaji"

Mafuta yanayowasumbua mbu yamo ndani ya jani. Hayatoki mpaka jani lipondwe. Kichaka cha mchaichai kilichotulia ni kivuli cha mbu kupumzika mchana, na mwarobaini uliosimama uani ni vilevile. Wakati huohuo kuna sahani chini ya vyungu vyako zimejaa maji safi, na humo ndimo Aedes anapozaliwa, yule mbu wa mchana anayeeneza dengi. Dar es Salaam tulipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na mwingine 2019. Katika joto hili yai linakuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10, kwa hiyo mwaga sahani hizo kila wiki na uzisugue kingo, maana mayai hugandia pale na huishi miezi bila maji. Au jaza sahani mchanga, kama ninavyofanya mimi.

"Tuweke pevingi kila mahali, tupunguze joto na vumbi"

Vumbi litapungua. Joto litaongezeka: zege hulimeza mchana kutwa na kulitoa usiku, mkiwa mmefungua madirisha mpate hewa. Acha angalau upande wa magharibi wa nyumba uwe ardhi, kisha panda hapo mwarobaini au mwembe wa kuzuia jua la alasiri lisipige ukuta wa chumba cha kulala.

"Jua likizidi, ongeza yurea"

Usifanye hivyo. Yurea, ile mbolea ya naitrojeni, ikiachwa juu ya mchanga wa moto na kupata unyevu kidogo usiotosha kuizamisha, sehemu ya naitrojeni yake inageuka gesi na kuondoka. Ile harufu kali unayoisikia ndiyo pesa yako. Ikibaki, inaunguza mizizi isiyo na maji ya kuiyeyusha. Subiri masika yaanze, ardhi ilowe, uifukie. Matandazo usiyatoe mvua zikija, vuta tu yale yaliyosogea kwenye shina, na uongeze mapya pale yatakapokuwa yameoza na kuzama.